Kikongwe Mdomoni mwa Kinawi

Watu wakitaka kumsifu Kinawi husema anapuliza zumari mpaka mawe yanalia. Mimi ni Bakhiti, mpiga ngoma wake. Nimesimama ubavuni mwake na ngoma tumboni tangu ndevu zetu sote wawili zilipokuwa nyeusi, na jiwe linalolia sijaliona bado. Nilichokiona ni Kinawi mwenyewe akilia, mtu mzima na masharubu yake, kwa sababu ya kipande cha tete kisichofika nusu ya kidole.

Kipande hicho ndicho ulimi wa zumari. Asiyejua hudhani sauti inatoka kwenye ule mti uliochongwa. Mti gani? Mti ni bomba tu, hata la maji lina tundu. Sauti iko kwenye ulimi: bua la tete la ukingoni mwa mfereji, limebanwa upande mmoja likawa midomo miwili myembamba, upande wa pili limefungwa uzi juu ya kijibomba cha shaba. Unauingiza wote kinywani, unapuliza, ile midomo inatetemeka, harusi imeanza. Ulimi mpya hukaa msimu mmoja, ukitunzwa sana miwili. Ukilegea, unatupiwa kuku. Ndivyo wafanyavyo wenye akili zao.

Wa kwake Kinawi alikuwa nao tangu Shamaa, farasi jike wa shemeji yangu Sabir, alipokuwa ananyonya. Shamaa sasa ana mvi puani. Ulimi huo tuliuita Kikongwe. Ulikuwa umefungwa uzi juu ya uzi, umepakwa nta juu ya nta, umelowekwa kwenye chai mpaka ukawa mweusi. Mkewe Kinawi hakupata kunywa chai nyumbani kwake bila kuangalia kwanza ndani ya bilauri.

Na Kikongwe hakikuwa kinaamka hivi hivi. Kila harusi, kabla ya kukichomeka kwenye zumari, Kinawi alikitia kinywani peke yake, akakinyonya kama mtoto na pipi, kisha akakipuliza: kwaa! kwaa! Mlio wa bata aliyekanyagwa. Ukitoka mlio ule tunajua mgonjwa kaamka. Usipotoka, leteni chai. Wageni walikuwa wakicheka, sisi tulishauzoea, kama mtu anavyokizoea kikohozi cha babake.

Mbali na hayo, Kinawi ni mtu wa kawaida kabisa. Ana nyumba ya udongo ng'ambo ya mto kutoka mji wa Qena, ana kipande cha shamba la miwa anachokitazama zaidi kuliko kukilima, na masharubu anayoyapaka dawa nyeusi akidhani hatujui. Baba yake ndiye aliyemfundisha kuvuta pumzi kwa pua huku anapuliza kwa mashavu, bila kukatika, na kila ilipokatika alimtia kofi. Kwa hiyo Kinawi anaweza kupuliza kutoka msikitini mpaka mferejini bila kituo, na ukimkatiza kwa swali anakujibu kwa macho. Sisi tunamwita Rayisi, yaani kiongozi wa kikosi, ingawa milki yake yote ni mimi na ngoma yangu, na mpwa wake Shadhili anayempigia zumari ya kuitikia.

Majivuno yake yalikuwa mamoja tu, lakini yalitosha kujaza ghala. Shamaa. Huku kwetu farasi hucheza harusini, anainua miguu kwa madaha, anatikisa shingo, anajongea ubavu ubavu, na watu wanarusha vilemba. Shamaa alikuwa hachezi kwa mpulizaji mwingine yeyote. Wamejaribu wengi, wenye zumari ndefu na fupi, akawatazama kama mkaguzi wa kodi. Kinawi akianza, mguu juu.

"Yule ana sikio," Kinawi alikuwa akisema mkahawani, vidole juu ya masharubu. "Nyie mnasikia kelele. Yeye anasikia pumzi yangu. Kuna siku napuliza kwa ajili yake tu, na yeye anajua."

"Na mimi je?" nikamuuliza siku moja.

"Wewe unapiga ngozi ya mbuzi, Bakhiti. Mbuzi mwenyewe hakuipenda."

Basi mwaka jana Kikongwe kikaanza kufa. Kwanza sauti ikashuka. Tukashuka nayo, Shadhili akalegeza wa kwake, mimi nikalegeza kamba za ngoma, tukawa tunapiga harusi kwa sauti ya matanga. Halafu kikaanza kunyamaza katikati ya mwendo. Kwenye posa moja Kinawi alipuliza mashavu mpaka yakakaribia masikio, hakikutoka kitu, na mama wa bwana harusi akauliza kama mzee anapata kiharusi.

Habari ikavuka mto, kwa sababu habari mbaya haina haja ya kivuko. Na ng'ambo ya pili anakaa Harbi, naye ana farasi, naye ana mdomo.

Tulikuwa mkahawani siku Harbi alipoingia. Alimsalimu kila mtu kwa adabu, akaketi, akaagiza hulba, chai ya uwatu, akamgeukia shemeji yangu.

"Sabir ndugu yangu, nasikia Shamaa kazeeka, na zumari ya Kinawi inakoroma. Hii harusi ya binti wa umda, mkuu wa kijiji mzima, Alhamisi ijayo, si mwende mkale tu? Nyama itakuwepo. Kazi niachieni mimi."

Nilimtazama Sabir, nikaona mshipa wa shingo umesimama. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nilikuwa nimechelewa.

Lazima niseme hapa kwamba wanaume wa kwetu wana ugonjwa. Wanaapa kwa talaka. Mtu hakwambii karibu chai, anakwambia naapa kwa talaka utakunywa chai, na usipokunywa mkewe kaachika. Nimekunywa chai nyingi sana maishani mwangu kuokoa ndoa za watu. Wako watoto wengi wa watu wanaopaswa kulishukuru tumbo langu.

Sabir akasimama. "Naapa kwa talaka! Talaka tatu! Shamaa atacheza mbele ya mlango wa umda kabla bibi harusi hajatoka, na Kinawi ndiye atakayempulizia! La sivyo mke wangu si mke wangu tena!"

Mkahawa ukanyamaza. Hata domino zilinyamaza.

Mke wake ni Situhum. Situhum ni dada yangu, tumbo moja.

Alikuja kwangu kabla jua halijazama, hana hata viatu. Nilidhani anakuja kupiga kelele, kwa sababu Situhum akipiga kelele punda wanasimama barabarani. Hakupiga. Akaketi kwenye kizingiti, akakunja mikono.

"Kaka," akasema, "nimezaa saba kwenye nyumba ile. Wawili nimewazika kutoka kwenye nyumba ile. Kuta zake nimezikandika mimi, kwa mikono hii. Leo nitoke kwa sababu ya tete?"

"Hutatoka."

"Unajuaje?"

Sikujua. Mke wangu alitoka jikoni, akamtazama Situhum, akanitazama mimi, akarudi jikoni. Hao wawili hawajaketi chumba kimoja tangu ugomvi wa chekecheke, na nyumba yangu ina vyumba viwili, kimoja ni cha mbuzi. Lakini si hilo lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa sijawahi kumsikia dada yangu akisema kwa sauti ya chini.

Asubuhi tukaenda kwa Kinawi, mimi na yeye. Tukamkuta uani, kaketi juu ya jamvi, Kikongwe mkononi, wembe pembeni, sindano, uzi, kipande cha nta, bilauri ya chai. Shadhili alikuwa amechuchumaa mbele yake akimshauri. Shadhili ana ushauri wa bure siku zote.

"Tatizo lake nini?" akauliza Situhum, amesimama juu yake, mikono kiunoni.

Kinawi akakiinua juani. "Tazama. Hapa kimetoa doa, huu upande umechoka kuliko ule. Na midomo inafungana, haina uwazi, nikipuliza inabanana. Nikikifinya mbavuni hivi, inafunguka. Ona. Nikiachia, inarudi."

"Loweka."

"Kimelowekwa tangu alfajiri."

"Mjomba, shida ni sukari," Shadhili akasema. "Chai ya sukari inagandisha midomo. Nimekwambia mara ngapi?"

"Mimi nimekiloweka kwenye chai ya sukari miaka yote."

"Ndiyo maana nzi wanakufuata harusini."

Kikatolewa kwenye chai, kikaoshwa kwa maji matupu. Kinawi akakitia kinywani. Kwaa, kidogo, kwa mbali, kama bata yuko nyumba ya tatu. Akakichomeka, akapuliza: upepo. Akasema hewa inavuja chini, akaongeza nta. Akapuliza: upepo wenye nta. Akafungua uzi wa kiunoni, akakaza upya, akakiacha kipumue kidogo na kijiti cha kiberiti katikati ya midomo. Safari hii sauti ikatoka, nene, ya chini, ikatetemeka, sote tukashusha pumzi. Halafu ikafa.

"Kata ncha," nikasema. "Ulimi ukilegea si hukatwa ncha?"

"Nikikata kitapanda sauti. Shamaa hatakijua."

"Farasi hajui ulimi!" Situhum akafoka, na nilifurahi kusikia sauti yake imerudi. "Farasi anajua shayiri! Kata!"

Akakata. Upana wa unywele tu, mkono umesimama kabisa, pumzi ameizuia. Sikatai, mkono wa Kinawi kwenye wembe ni mkono wa kuamkiwa shikamoo. Lakini wembe ulipotoka, ufa mwembamba ukajionyesha kutoka mdomoni, ukashuka taratibu mpaka kiunoni mwa Kikongwe, sote tunautazama.

Hapo ndipo nilipomwona akilia. Machozi yalishuka yakapita kwenye masharubu na kuondoka na dawa nyeusi, akabaki na mistari miwili kidevuni. Shadhili alitaka kucheka, nikamtolea jicho.

"La kuvunda halina ubani, Rayisi," nikamwambia. "Tengeneza mpya."

"Huelewi, Bakhiti. Sisi wawili tumelea yule farasi."

"Kinawi," dada yangu akasema. "Mimi ndiye nitakayefukuzwa nyumbani kwangu. Nenda mferejini."

Akaenda. Alitembea ukingo mzima wa mfereji akitikisa matete kama mtu anayechagua mkwe. Bua bichi hapana, litasinyaa. Nene hapana, halitabanika. Lililoliwa na wadudu hapana. Akapata moja lililokaukia shinani, la manjano, jembamba. Akalikata, akaliloweka, akalifunga, akalibana kati ya vijiti viwili usiku kucha. Kesho yake akauchomeka ulimi mpya, akapuliza.

Ndugu zangu! Nilisahau kwamba zumari ndivyo inavyolia. Mbwa wa mtaa wa pili walisimama. Mkewe Kinawi alitoka na unga mikononi akipiga kigelegele bila kujua nani anaolewa. Sauti ilikuwa juu, kali, safi, na Kinawi akaizungusha na kuizungusha mpaka mimi mwenyewe nikaanza kutikisa mabega, na mimi si mtu wa kutikisa mabega bure.

"Umeona?" akasema, macho yanang'aa. "Umeona, Bakhiti? Nilichomeka tu. Huu hauamshwi. Huu haulali!"

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kikongwe akakitundika kwenye uzi wa shingoni pamoja na makorokoro mengine, na hakukitazama tena. Ilibidi Shadhili naye atafute ulimi mpya, maana sauti zilikuwa zimeachana. Akaogopa jua la mferejini. Alipita duka la juisi, akaomba mrija wa plastiki, akaukata, akaukanda kwa pasi, akauchomeka.

"Hauzeeki, hauchoki, haunywi chai," akajisifu.

"Na hauna haya," akasema mjomba wake.

Shamaa hatukumsikilizisha. Kwetu farasi wa harusi hachezeshwi wiki ya harusi, anaachwa apumzike ili mguu uwe na hamu. Sabir alikuwa amempeleka kwa binamu yake, anakula majani ya berisimu tu. Na sisi tuliridhika. Kwa sauti ile, farasi gani asingecheza? Ningecheza hata mimi na goti langu.

Alhamisi, baada ya alasiri, tukasimama mbele ya mlango wa umda. Watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Shamaa aliletwa, amefungwa shanga na vishada, mvi zake za puani zimepakwa hina. Sabir amemkalia, amevaa kanzu nyeupe, uso wake mweupe zaidi ya kanzu. Harbi alikuwa mstari wa mbele, amejiletea kiti chake mwenyewe. Upande wa wanawake nilimwona Situhum, kajifunika mtandio mweusi, anauma ncha yake.

Kinawi akasogea mbele ya farasi. Akainua zumari, akajaza mashavu, akapuliza.

Sijawahi kumsikia akipuliza vile. Wazee waliacha kuzungumza. Nikaingia na ngoma, Shadhili akaitikia na mrija wake, uwanja mzima ukaanza kupiga makofi.

Shamaa akapiga mwayo.

Kinawi akasogea karibu, akampulizia sikioni. Shamaa akatikisa sikio, kama mtu anayefukuza mbu. Akaanza kula kishada chake.

"Mzungushe!" nikamwambia Sabir huku nimeuma meno. Akamzungusha. Shamaa akazunguka kwa kutembea, kama anakwenda kisimani. Kinawi akabadili mwendo, akapiga ule wa polepole, akapiga ule wa haraka, akapiga ule wa marehemu baba yake ambao huuweka kwa watu maalumu. Jasho likamtoka. Farasi akasimama, akainua mguu mmoja wa nyuma, watu wakashangilia, kumbe anajikuna.

"Jamani, mwacheni bibi apumzike!" Harbi akasema kwa huruma. Watu wakacheka.

"Mjomba, nipishe," Shadhili akasema, na kabla Kinawi hajajibu akajitokeza mbele na mrija wa juisi. Piii! Shamaa akageuka taratibu, akampa makalio, akainua mkia, akaweka mzigo wake wote juu ya viatu vipya vya Shadhili.

Uwanja ukavunjika kwa vicheko. Ndani ya nyumba wanawake wakaanza wimbo wa kumtoa bibi harusi. Nikasikia sauti ya dada yangu ikiwapita wote:

"Bado! Msimtoe! Mkazeni mkanda! Msukeni upya! Kinawi, fanya kitu, mimi siendi kulala na mbuzi wa Bakhiti!"

Watu wakacheka zaidi. Mimi sikucheka, kwa sababu niliuona uso wa dada yangu.

Kinawi alikuwa amesimama, zumari imelegea mkononi. Nilisogea. "Rayisi, jaribu Kikongwe."

"Kina ufa."

"Kina ufa, na sisi tuna nini? Usiache mbachao kwa msala upitao. Kitoe!"

Akakitoa shingoni. Kilikuwa kikavu kama jani. Nilimpokonya mgawa chai bilauri, Kinawi akakitumbukiza, chai ya moto na vidole vyake humo humo. Mama mmoja alinyofoa uzi kwenye pindo la gauni lake, Kinawi akakifunga nao kiunoni, juu ya ufa. Tukachukua nta kwenye mshumaa wa mapambo. Kinawi akaibandika juu ya uzi kwa kidole gumba, mkono ule ule wa wembe. Wimbo wa ndani ulikuwa umefika ubeti wa mwisho, na mlango ukafunguliwa bawa moja.

Akakitia kinywani kukiamsha. Akanyonya, akafumba macho, akapuliza.

Kwaa!

Shamaa akainua kichwa. Masikio yote mawili yakasimama.

Kwaa!

Mguu juu.

Niliona kwa macho yangu. Zumari ilikuwa bado iko chini ya kwapa la Kinawi, hajaigusa. Farasi ameinua mguu wake wa mbele kwa madaha, shingo imekunjwa, anangoja, kama siku zote, na mimi nikapiga ngoma kwa sababu mkono wangu umezoea kwamba mguu ule ukiinuka napiga. Shamaa akaanza kucheza. Ubavu ubavu, mvi na hina, vishada vinaruka, Sabir juu yake anashikilia kilemba na kulia kama mtoto. Vigelegele vikapasua anga. Kwa mshtuko Kinawi aliuma meno, na Kikongwe kikakatika vipande viwili mdomoni mwake.

"Puliza!" nikamfokea. "Umesikia kiapo, wewe ndiye wa kupuliza! Puliza chochote!"

Akatema vipande kiganjani, akauchomeka ulimi mpya, akapuliza, na Shamaa akacheza kwa sauti ile ile aliyoipigia mwayo, akaicheza yote, bila kujali ni ipi, mpaka bibi harusi alipotoka akasimama mlangoni kumtazama.

Harbi akasimama juu ya kiti chake kudai kwamba farasi kachezea bata na kiapo hakikutaja bata. Situhum akamwendea. Sijui alimwambia nini, lakini Harbi aliondoka akakiacha kiti, na kiti hicho kiko kwa dada yangu mpaka leo, ndicho anachokalia akichambua dengu. Jioni ile ile alimkalisha Sabir chini mbele ya wanawe, akamlazimisha aache viapo. Sabir akaapa kwa talaka kwamba hataapa tena kwa talaka. Tumeamua kutolipeleka suala hilo kwa shekhe.

Kila mtu alifurahi isipokuwa mmoja. Asubuhi nilimkuta Kinawi kwenye zizi la Sabir, kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anamtazama Shamaa. Masharubu hakuyapaka dawa, yalikuwa meupe yote. Vipande vya Kikongwe vilikuwa kiganjani. Alikuwa ameshajaribu kuvifunga, vikagoma.

"Bakhiti," akasema, "alikuwa hanisikilizi."

Nikatafuta mahali pa kukaa.

"Miaka yote. Nilikuwa napuliza mpaka naona nyota mchana. Nilikuwa namwambia mke wangu, leo Shamaa kanielewa. Ule mwendo wa baba, ninaoupunguza pale mwisho, nilikuwa naupunguza kwa ajili yake. Kumbe mwenzangu anangoja bata."

Hapo rafiki mzuri angesema neno la faraja. "Alikuwa anakusikiliza," nikamwambia. "Ila pale ulipokuwa hujaanza."

Alinitazama muda mrefu. Nikafikiri nimeuharibu urafiki wa maisha yangu. Kisha bega lake moja likaanza kutikisika, halafu la pili, akacheka mpaka akashikilia ukuta, akacheka mpaka kicheko kikageuka kuwa kikohozi na kikohozi kikageuka kuwa kitu kingine, akajipangusa macho kwa mkono wa kanzu. Mimi nilitazama pembeni, nikawa nahesabu kuku.

"Na Jumapili tuna harusi," akasema baadaye.

"Tunayo."

"Na Kikongwe kimekufa."

"Kimekufa, Mungu akirehemu."

Akasimama, akanyoosha kanzu, akatazama nje kama kuna mtu. Akasogea mbele ya farasi, Kinawi, Rayisi, mwana wa mpulizaji na mjukuu wa mpulizaji, mtu anayepuliza kutoka msikitini mpaka mferejini bila kituo. Akakunja midomo yake, akakaza koo.

"Kwaa," akasema.

Shamaa akageuza sikio moja.

"Kubwa zaidi," nikamwambia.

"Kwaa! Kwaa!"

Mguu ukainuka, kwa madaha, kama siku zote. Kinawi akauangalia mguu ule.

"Haya," akasema. "Piga ngoma."

Nilikuwa sikuja na ngoma. Nikaiinua ile ndoo aliyokuwa kaikalia, nikampigia.